Spika Kubwa Katika Chumba Kidogo

Mjukuu wangu Rukia,

Shikamoo yako nimeipokea: marahaba. Goti la bibi yako limepoa, naye anakusalimu. Umeniuliza ununue spika gani kwa chumba chako kidogo.

Katika miaka ya hamsini, nilipokuwa mwalimu kijana hapa Kombani, nilinunua redio. Mwenye duka alinishauri, "Mwalimu, kwa chumba hicho, yenye spika ndogo yatosha." Nikachukua yenye spika kubwa, ili majirani wajue ninayo.

Siku moja mama yangu alikuja kwa miguu kutoka Waa. Alipiga hodi mara tatu, na kwa adabu yetu asiyeitikiwa mara ya tatu hurudi. Akaacha kikapu cha mihogo mlangoni, akaondoka. Jirani ndiye aliyeniambia, "Nimemsihi aingie, akasema una wageni, anawasikia wakizungumza."

Nilimkimbilia, nikamkuta njiani amechoka. Akaniuliza, "Wageni umewaacha na nani?"

"Wameshaondoka, mama."

Niliona haya kumwambia kwamba ni redio. Alifariki bila ya kuujua ukweli, na haya ile ningali nayo.

Chagua ndogo, Rukia. Kwanza zifungulie, umwambie mtu apige hodi nje. Usipomsikia, zirudishe dukani.

Babu yako