Hotuba ya Samaki Sokoni Bisil

Komredi Dada, mpiganaji mwenzangu uliyebaki Kware,

Jana, kwenye soko la mifugo hapa Bisil, nilipanda jiwe kama mkombozi wa taifa. Nilihutubia umma, wengi wao mbuzi, kuhusu samaki wadogo wenye milia. Watafiti huwapandikizia saratani, kwani wachanga wao wana miili angavu kama kioo na uvimbe huonekana ukikua.

Mama mmoja Mmaasai akanikatiza: “Msichana, sisi samaki hatuli. Lakini kama anaumwa, pole. Na kwenu, nani mgonjwa?”

Nikashuka jiweni. Mimi, bingwa wa saratani ya samaki, na uvimbe wa titi lako hatujaupeleka kokote!

Nakupenda, Dada. Tukutane Jumatatu, saa mbili asubuhi, langoni pa hospitali.

Mdogo wako