Fimbo ya Mzee Ilipofika Karatu

Karatu, mwezi wa nne

Kwa kaka yangu mpendwa Metui,

Pokea salamu zangu kutoka huku kwenye baridi. U hali gani, na shemeji Nashipai na watoto wanaendeleaje? Ng'ombe wamepata majani huko Lindi? Sisi tunapumua tu, kaka, siwezi kukudanganya kwamba hatujambo. Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu huko porini kwenu simu haishiki, na hata ingeshika, neno hili nisingeweza kulitamka huku nikikusikia.

Najua Simel, anayekuletea barua hii, amekwisha kukuambia kwa mdomo kwamba mzee wetu ametutoka na tumemzika Nainokanoka, karibu na boma. Lakini Simel hajui ilikuwaje, na wanaodhani wanajua, wanajua vibaya.

Unaikumbuka kampuni niliyoanzisha na Clemensi, yule Mwiraqw wa Mbulumbulu niliyesoma naye chuo. Tunatengeneza vidude vidogo kama kifungo cha koti. Unakifunga kwenye funguo au begi, na ukisahau ulipoliweka, simu inakuonyesha lilipo, mradi kuna mtandao. Wateja wetu ni madereva wa watalii, watu wa kusahau darubini kila hoteli. Ulinicheka, ukauliza Mmasai gani atapoteza kitu wakati mali yake yote anaivaa mwilini. Nilikununia wiki nzima.

Basi mzee akaanza kupotea. Kwanza yalimtoka majina ya ng'ombe, kisha njia ya kurudi kutoka mtoni. Mama alinipigia akilia, akaniomba nije nikae naye walau masika haya. Nikamwambia kazi zimenibana, lakini dawa ninayo. Nilipanda Nainokanoka siku moja, nikafungua ile ngozi iliyozungushwa kwenye fimbo yake, nikaficha kidude ndani, nikaifunga tena. Nilijua mzee angeweza kusahau hata jina langu, ila asingetoka mlangoni bila fimbo. Kila kidude tunakipa jina kwenye simu: Funguo, Begi, Pochi. Hiki nikakiita Baba. Nikashuka Karatu nikijiona mtoto mwema kuliko wote.

Alhamisi ile mvua ilinyesha tangu asubuhi. Mama alinipigia kwamba mzee haonekani, na baba mdogo Sairowua amekusanya watu waingie msituni upande wa juu. Nikafungua simu. Baba alikuwa barabarani, anateremka kuelekea geti la Lodoare, la kushukia huku Karatu, tena kwa mwendo wa gari. Nilicheka kwa furaha, kaka. Nikampigia Sairowua nikamwambia awarudishe watu wakaote moto, mzee amepanda gari, namwona kabisa, nakwenda kumpokea. Akaniuliza kama nina hakika. Nikamjibu kwamba chombo hiki nimekitengeneza kwa mikono yangu.

Nikasimama getini na blanketi. Lilishuka lori, na aliyeteremka ni jirani yetu Moringe, na fimbo ya mzee mkononi. Alifurahi kunikuta, akasema nimempunguzia kazi ya kunitafuta mjini. Alieleza kwamba alfajiri mzee alimkabidhi fimbo ile aniletee, nijue kwamba neno ni lake mwenyewe, si la mama. Alituma kuniambia kwamba njia zinamkimbia, anaona aibu kuwaeleza wenzake, na ananiomba mimi mwanawe nije niwe naye.

Wewe unajua kwamba mzee wa kwetu akiwa na neno zito huituma fimbo yake. Tangu utoto tumeiona ya baba ikitoka na kurudi. Clemensi asingejua, kwao ni watu wa kulima ngano. Mimi nilijua, na haikunijia akilini hata kidogo.

Nilipiga simu, mtandao wa juu ukawa umekatika. Nilipofika Nainokanoka palikuwa giza na ukungu, hakuna aliyeweza kuingia msituni. Sairowua alimpata asubuhi chini ya mti, si mbali na pale alipowageuza watu. Shuka lake lilikuwa limelowa chapachapa.

Sasa sikiliza lililobaki, kwa maana ndilo linaloniua. Sairowua hakumwambia mtu yeyote kwa nini aliwarudisha. Mama anaamini aliogopa mvua. Hamsemeshi tena, na wanaume wenzake wanamteta. Naye anabeba mzigo wangu, hata kunitazama kwa ukali hanitazami. Kila nikianza kumwambia mama, naishia kumuuliza habari za ng'ombe. Kampuni nimemwachia Clemensi. Mganga hajigangi, lakini mimi nimefanya vibaya zaidi, nimewazuia waliokuwa wakienda kumponya.

Njoo, kaka. Njoo usimame kando yangu nimwambie mama. Fimbo ni yako, wewe mzaliwa wa kwanza, na Simel anakukabidhi pamoja na barua hii. Lakini ipokee pia kama wito, kama alivyoituma mzee, na usifanye nilivyofanya mimi.

Msalimie sana shemeji, wabusu watoto, waambie babu yao aliwataja. Kidude sijakitoa kwenye ngozi, mkono umekataa. Nitakuwa nikimtazama Baba akishuka kwenda kwenu mpaka mtandao umpoteze. Siku nitakayomwona anapanda kurudi, nitajua unakuja, nami nitakwenda getini na lile blanketi.

Ni mimi mdogo wako,
Mepukori