Jibu la Shemeji Yako Mbele ya Baraza

Nyumba Na. 9,
Mtaa wa Ghalani,
14 Agosti.

Mpendwa Kaka,

Salamu nyingi. Je, mguu umepona? Wifi na watoto wanaendeleaje? Mama hajambo, bado anagombana na redio yake kama mke mwenza.

Kaka, nilikuficha. Barua zangu zote tangu ilipotokea ajali kiwandani mwaka jana zilisema sisi wazima, na haikuwa kweli. Nisamehe.

Shemeji yako aliwasha mashine ya maboksi, kumbe mwenzake yumo ndani anasafisha. Yule mwenzake akafa palepale. Taa ya tahadhari ilikuwa mbovu, na uchunguzi ulimwondolea lawama mume wangu. Lakini tangu siku ile hagusi swichi yoyote. Hata taa ya chooni namwashia mimi.

Tuliomba fidia ya kuumia akili kwa sababu ya kazi. Kiwanda kikatukatalia. Unajua kwa nini? Kila mwezi tabibu wa kiwanda alimuuliza, "Habari yako, mzee?" Naye, adabu zake unazijua, akajibu, "Nzuri, namshukuru Mungu." Tabibu akaandika: mzima. Mara kumi na moja, Kaka! Mtu usingizi hapati, chakula hakipiti, lakini salamu anaiitikia kama bwana harusi. Nilicheka, kisha nikalia.

Tukakata rufaa kwenye baraza la kazi. Tukishindwa, mwisho wa mwezi anarudi kwenye mashine ileile, la sivyo anafukuzwa. Jumanne tulipokwenda barazani, nilimsihi njia nzima aseme ukweli.

Mwenyekiti, mama mtu mzima, alivua miwani akamsalimu, "Habari yako, baba?"

Mdomo ukamfunguka kwa mazoea. Kisha akaufunga, akatazama mikono yake.

"Mbaya, mama," alisema. "Mbaya sana."

Mama yule aliweka kalamu chini, akamwambia aeleze taratibu. Alieleza saa nzima, mengine hata mimi mkewe sikuwahi kuyasikia. Majibu tutapewa wiki ijayo. Nimeogopa, siwezi kukuficha tena.

Nisalimie wifi, watoto, na Mjomba Kipara. Mungu akufunike kwa rehema zake huko uliko. Nawe ukiniandikia, usinipe habari nzuri kwa adabu tu, Kaka. Nipe za kweli.

Mdogo wako akupendaye siku zote,
Kitindamimba