Injinia na Kompyuta Yangu

Jumatatu, 4 Machi

Kompyuta imekufa. Hapana — haijafa, ingekuwa nafuu. Inawaka vizuri, inaleta ule ukurasa wa kuingilia, naandika nenosiri, skrini inakuwa nyeusi kidogo, halafu — ukurasa uleule! Naandika tena. Nyeusi. Ukurasa uleule. Wala haisemi nimekosea. Inanipokea na kunirudisha nje, basi.

Najua ni mkono wa nani. Mdogo wake mume wangu, Injinia. Cheo amejipa mwenyewe. Alikuja kukaa nasi wiki mbili tatu akitafuta kazi, sasa ana hadi kikombe chake. Jana nilipotoka kwenda sokoni, akaona ukurasa wa kuingilia hauna mvuto, akaamua kuupamba. Kwa picha ya gari la mashindano! Yeye ambaye hata tairi la baiskeli hana.

Kurasa za kitabu cha sayansi cha darasa la nne zimo humo ndani. Mhariri anazitaka Ijumaa. Nakala niliyonayo kwenye flashi ni ya kabla sijapanga michoro, yaani ni sawa na bure. Zikipotea, kitabu kimekwenda, na mhariri naye atatafuta mpanga kurasa mwingine.

Jumanne, 5 Machi

Injinia ameshinda mezani kwangu. Na bisibisi. Bisibisi, kwa ugonjwa wa nenosiri! Amefungua kifuniko, amepuliza vumbi, amefunga. Skrubu moja imebaki mezani. Anasema hiyo haikuwa na kazi.

Nikamwambia mume wangu niachiwe niiangalie mwenyewe. Hiyo Linux, mfumo unaoiendesha, niliiweka mimi, na siku zote naitunza mimi. Akanisihi nimwache kwanza, kijana asije akajisikia vibaya. Kijana! Ana ndevu mpaka kifuani.

Jumatano, 6 Machi

Leo ameiondoa programu ya ukurasa wa kuingilia na kuiweka upya. Ukurasa umerudi na gari lake, unang'aa. Kuingia, hakuna. Anasema mashine imechoka.

Kisha wakati wa chakula, huku anajipakulia mara ya pili, akasema kesho mchana ataifomati, aifute yote, ianze upya. Kwa macho makavu! Nikamwuliza, na kurasa zangu? Akanijibu kwamba vitu vya muhimu huwa vinawekwa pembeni, shemeji. Nusura nimmwagie mchuzi. Mume wangu akakohoa. Ndio mchango wake huo, kukohoa.

Alhamisi, 7 Machi

Nimeamka kabla yao, nikajifungia kwa ufunguo. Nikabonyeza vitufe vya kuhamia ile skrini nyeusi ya maandishi matupu, isiyo na picha wala madaha. Jina langu, nenosiri langu — nikaingia mara moja! Kumbe nenosiri halina ugonjwa wowote.

Nikaanza kukagua faili zangu, hili la nani, hili la nani. Na hili hapa! Lile faili dogo ambalo skrini ya picha lazima iliandike kila ninapoingia, mwenyewe si mimi. Mwenyewe ni root, yule mkubwa wa mashine mwenye ruhusa zote. Folda ya mipangilio yangu, vilevile. Injinia alifanya kila kitu kwa amri ya mkubwa, hata pasipohitajika, maana ndivyo anavyojiona. Kila alichogusa kikaandikwa kwa jina la mkubwa, na mimi nikafungiwa nje ya vitu vyangu. Na angeifuta mashine nzima kwa ujinga huo!

Amri moja fupi ikavirudisha vyote kwa jina langu. Nikarudi kwenye ukurasa wa kuingilia. Nenosiri. Nyeusi — roho juu — halafu kurasa zangu zote, mpaka mchoro wa mmea na mizizi yake. Nililia. Kisha nikalifuta lile gari.

Ijumaa, 8 Machi

Kurasa zimekwenda. Mhariri amejibu: safi sana.

Halafu hili. Mume wangu ameniita chumbani, akafunga mlango, akaanza kuongea kwa ule upole wake wa kuomba kitu kibaya. Mama yake anakuja Jumapili. Ameshaambiwa kwa simu kwamba Injinia ndiye aliyeitengeneza kompyuta. Ameambiwa na nani? Na yeye mwenyewe, mume wangu!

"Mwachie hili moja tu. Wewe unajua ni wewe, mimi najua ni wewe. Haitoshi?"

Nikasema nitafikiria. Nimefikiria. Haitoshi. Miaka yote mama mkwe anaamini nashinda nyumbani nikichezea kompyuta, na huyu bwana hajawahi kumsahihisha. Wakitaka kumvika mdogo wao kilemba cha ukoka, wamvike. Lakini ukoka wenyewe wasije kuung'oa kwangu.

Jumapili, 10 Machi

Naandikia jikoni, birika liko motoni. Mama mkwe amefika. Injinia amevaa shati nililolipiga pasi mimi, amesimulia sebuleni alivyopambana na mashine, hata bisibisi ameitaja bila haya. Mume wangu anaitikia kwa kichwa. Mama akafurahi. Akasema basi mwanangu fungua, nione picha za harusi ya dada yenu.

Nikasikia vitufe vikibonyezwa, mara moja, mara mbili, mara tatu.

Mume wangu akaja jikoni, anakimbia huku anajitahidi asionekane anakimbia. Nenosiri limekataa. Naam, lile walilolijua nililibadilisha juzi. Akaniomba kwa kunong'ona. Nikamwambia amwulize aliyeitengeneza.

Akarudi. Nikamsikia akikohoa. Nikamsikia Injinia akisema mashine imechoka tena. Halafu kandambili zinakuja huku, taratibu.

Mama mkwe huyu hapa mlangoni. Anatazama birika, ananitazama mimi na kalamu yangu.

"Mwanangu, hivi hii kompyuta ilitengenezwa na nani?"

Nyuma yake mume wangu ameunganisha viganja, ananisihi kwa macho. Nimemwambia mama anisamehe kidogo, kuna jambo namalizia kuandika. Amevuta stuli, amekaa. Anasema hana haraka.