Siti ya Mkunga wa Dutwa

Ng'wangaluka, dada Nkwimba,

Tangu biashara ya pamba iachwe huru, sisi makarani wa wanunuzi binafsi tunazunguka vijijini kwa baiskeli, na mimi kazi ilikuwa imenishinda. Mifupa ya makalio iliniuma hadi nikawa nalala kifudifudi. Jumamosi nilifika gulio la Dutwa nikiwa nimeamua kurudi nyumbani. Nikapitia kwanza kwenye meza ya siti za baiskeli. Siku hizi zinatoka kila nchi, nami nikaishika ile nene yenye sponji.

"Hiyo utazama, mifupa igonge chuma," akasema mama aliyekuwa akichagua pembeni yangu. Ni mkunga, Mama Kabula, na siti yake mwenyewe ilimchubua mapaja hata akawa anachechemea akifika kwa wanaojifungua.

Akaniambia nikae juu ya gunia la pumba, kisha na yeye akakaa. Tulipoinuka, mashimo mawili ya mifupa yangu kwenye gunia yaliachana sana, yake yalikaribiana. Akatazama siti za baiskeli zetu, akacheka polepole.

"Mdogo wangu, yangu ni pana, yako nyembamba. Tumebebeana siti."

Fundi akazibadilisha palepale. Niliendesha hadi Bariadi bila kusimama, dada, na machozi yalinitoka kwa nafuu tu. Kazi siachi.

Mbusu mama. Mwambie nimenenepa, na viazi vya huku ni vitamu.

Mdogo wako akupendaye,
Minza