Matundu Kumi na Manne ya Ghorofa ya Tatu

Alhamisi, 12 Juni

Matundu kumi na manne ya mabomba yangu yamepotea. Leo, saa tatu na nusu asubuhi, zege la sakafu ya ghorofa ya tatu limemwagwa. Nimefika nikakuta wanasawazisha. Hakuna hata pa kupitisha kidole!

Msimamizi wa zege akanitania: bosi, maji ya vyoo yatapita hewani?

Nilifoka kuliko wote. Nani kawapa mchoro wa zamani? Shemeji alisimama na tableti yake. Mdogo wa mke wangu. Ndiye mratibu: anaunganisha michoro ya kompyuta ya msanifu, ya mhandisi na yangu ya mabomba, iwe jengo moja. Ndiye aliyeniombea kazi hii.

Ijumaa, 13 Juni

Hapa kwenye daftari hakuna wa kumdanganya. Mchoro mpya ninao mimi. Uko kwenye folda yangu tangu Jumatatu. Folda ya pamoja sikuupeleka.

Jumatano saa nane mchana shemeji alipiga simu. Umeshaweka? Kesho wanamwaga. Nikamjibu nimeweka kitambo, wewe watumie tu. Sekunde arobaini na moja — simu imehifadhi. Akakuta faili la zamani, jina lile lile, akaamini kauli yangu, akawatumia.

Kisa? Mwezi uliopita msanifu alionyesha mchoro wangu ukutani, akauliza haya ni mabomba au tambi. Watu tisa wakacheka. Miaka kumi na tisa nimebeba mabomba begani, kompyuta nimejifunza mwenyewe nikiwa na arobaini na tatu — ananicheka! Nikataka ninyooshe kwanza kona tatu za mabomba, wasione cha kucheka.

Kona tatu.

Jumapili, 15 Juni

Shemeji alikuja kula mchana. Mke wangu akaanza: huyo msanifu wenu anamwonea mume wangu. Shemeji akamkatiza. Dada, shemeji hana kosa, kukagua tarehe ya faili ni kazi yangu.

Nikaomba chumvi. Chumvi ilikuwa mbele yangu.

Jumatatu, 16 Juni

Kikao. Mhandisi kasema matundu matano yanaweza kutobolewa. Tisa yatakata nondo kuu, hagusi. Maana yake vyoo vya upande mzima vichorwe upya, wiki sita. Meneja wa mradi akasema kosa ni la mratibu, kesho saa tano asaini barua ya kuondoka.

Akanigeukia: fundi, wewe mchoro wako ulikuwa tayari? Nikasema ulikuwa tayari tangu Jumatatu iliyopita.

Kweli tupu, kila neno. Na nilitamani sakafu ile ile inimeze.

Nimefikiria kuuweka sasa hivi kwenye folda ya pamoja. Lakini mfumo unaandika saa faili lilipowekwa. Aibu gani hii — mtu mzima natafuta pa kujificha ndani ya kompyuta!

Jumanne, 17 Juni

Saa nne na dakika kumi na mbili. Niko kwenye gari, nje ya geti la saiti. Mhandisi kapita, kanipungia. Sijashuka.

Ujumbe wa shemeji umeingia saa tatu:

"Shemeji, kumbukumbu za folda ninaweza kuzifungua, sijazifungua. Sitaki kukuchunguza kama mwizi. Ukisema uliweka, nitasaini niondoke, na dada hatasikia lolote kwangu. Usinipigie, usinieleze. Niandikie neno moja kabla ya saa nne na nusu: uliweka, au hukuweka?"