Maneno Mawili Mbele ya Jina Lako

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima wa afya, na safari hii sisemi hivyo kwa mazoea. Goti linaendeleaje? Mama bado anakuficha chumvi? Mimi ni mzima, ila usingizi umenihama na uso wa kukutazama sina. Ndiyo maana naandika badala ya kupiga simu.

Mdogo wangu amenieleza yaliyotokea kadi za harusi yake zilipofika nyumbani. Alisema uliisoma moja kibarazani, ukacheka, ukaisoma tena. Kisha ukamuuliza kama yale maneno mawili ya Kiingereza mbele ya jina lako, "the late", ndiyo yale yale ya kwenye matangazo ya misiba. Alipokubali, ulisema wakwe wamekuzika mapema ili wasikuone ukumbini na mikono yako ya kuzibua vyoo, na kwamba binti yako humtoi kwa watu wa namna hiyo. Bwana harusi ameapa mpaka sauti imekauka. Harusi ni mwezi ujao, na bibi harusi analia asubuhi na jioni.

Mimi nilimwambia mdogo wangu ni hitilafu ya mtambo wa kuchapia. Baba, mtambo hauna kosa. Wakwe nao hawana.

Unajua kadi zilichapwa hapa kazini kwetu, na maandishi kutoka kwa wakwe niliyaleta mimi. Tuna msahihishaji wa Kiingereza, mwalimu mstaafu, tunamwita Nukta kwa sababu hakuna nukta inayompita. Alipofika kwenye jina lako alitikisa kichwa, akanishika bega, akaniambia kwa upole kwamba nimesahau. Alieleza kuwa marehemu haandikwi jina tupu kwenye kadi. Maneno hayo hutangulia jina lake, hasa akiwa amefariki miaka ya karibuni na huenda wageni hawana habari. Akayaweka kwa mkono wake, kwa heshima zote. Hata chai aliniletea.

Alijuaje kuwa umefariki? Nilimwambia mimi.

Nilipoanza kazi hapa, wenzangu walikuwa wakitajiana kazi za baba zao: huyu karani, yule nesi, mwingine ana duka la vitambaa. Nikaulizwa wangu. Ulimi ukanitangulia, nikasema alishafariki. Wakanipa pole, nami nikazipokea. Tangu hapo nimekuwa yatima anayepigiwa simu na baba yake, nami hutoka nje kuipokea.

Ningeishia hapo ningekuwa na nafuu. Lakini kwetu kadi haiingii mtamboni mpaka aliyeileta asome nakala ya kwanza na kuitia sahihi. Niliisoma, Baba. Maneno yale niliyaona. Kuyafuta kungetaka nifungue kinywa niseme kwamba u hai, na Nukta alikuwa amekaa mbele yangu, nami nakunywa chai yake. Nikatia sahihi. Nilijidanganya kwamba Kiingereza chako hakitafika huko. Naona haya hata kuiandika sentensi hiyo.

Jana choo cha ofisini kiliziba, maji yakatapakaa mpaka chumba cha karatasi. Bosi akauliza nani anamjua fundi wa kuaminika. Nikapiga moyo konde, nikasema namjua mmoja, ni baba yangu mzazi. Walidhani nimechanganyikiwa. Nikawaeleza yote, nimesimama kwenye maji hayo hayo. Nukta alivua miwani, akaifuta. Leo hajaitikia shikamoo yangu.

Bosi anauliza utakuja lini kutazama mabomba. Nimemjibu kwamba sijui kama utataka.

Usiwaseme tena wakwe, tafadhali. Lawama nitupie mimi. Mdogo wangu nitamkabili mwenyewe. Msalimie Mama, mwambie nitakuja Jumapili, na akitaka kunifungia mlango namuelewa.

Kadi nimeipanga upya, jina lako likiwa peke yake. Nakala ya kwanza nimeikunja humu ndani. Sijaitia sahihi. Isome wewe, ukiridhika utie yako, ndipo tutawasha mtambo.

Ni mimi mwanao wa kwanza, kama bado unaniita hivyo.